Moyo Uliomdanganya Fundi Suti

Fundi Suti hakuwa mtu wa ngazi. Chumba chake cha ushonaji kilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa tatu, mlango wake ukitazama barabara, na yeye aliamini hapo ndipo Mungu alipompangia: karibu na wateja, karibu na kiti, mbali na ngazi. Suti zake zilisifika. Watu walisema bwana harusi akivaa koti la Fundi Suti, hata kama hakujaliwa sura, picha zitamsitiri. Kitambi chake nacho kilisifika. Kilimtangulia mlangoni, kilimtangulia mezani, na wateja wageni walikichukulia kama cheti cha ufundi, maana mtu aliyeshiba namna ile hawezi kuwa fundi wa kubahatisha.

"Msikiite kitambi," alikuwa akisema, huku akikipigapiga. "Hii ni akiba. Njaa ikija nyote mtanitafuta."

Alikuwa mjane wa miaka mingi, na alitunzwa na dada yake mkubwa. Dada huyo alikuja siku ya msiba na kibegi kimoja cha kubeba kwapani, akisema atakaa siku chache tu, na kibegi chenyewe kilikuwa bado kinaning'inia nyuma ya mlango. Alimpenda mdogo wake kwa njia aliyoijua, nayo ilikuwa sufuria. Alimpakulia kama mtu anayejaza gunia: akishapakua, anashindilia kwa mwiko, kisha anaongeza. Juu ya hapo kulikuwa na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na keki za harusi ambazo wateja walimletea kama shukrani.

Mambo yalianza pale muuza vifungo wa mtaa alipofunga duka akahamia kwa mwanawe. Fundi Suti alikuwa na koti la kumalizia, na koti bila vifungo ni shuka lenye mikono. Akaambiwa yuko mama mmoja amefungua duka la vifungo, zipu na bitana, tena papo hapo jengoni kwake. Akafurahi. Kisha akaambiwa liko ghorofa ya tatu.

Akapanda. Ghorofa ya kwanza aliimaliza kwa heshima. Ya pili aliimaliza kwa kuvuta kikingo cha ngazi kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Alipofika ya tatu, moyo ukafanya jambo ambalo hajapata kuliona: uliruka, ukanyamaza, ukaruka mara mbili kwa pupa, kisha ukaanza kupapatika kifuani kama kuku aliyefunikwa na tenga. Jasho likamtoka, magoti yakalegea, macho yakaona nyota mchana kweupe.

Na wakati huohuo mlango ukafunguliwa.

Mlangoni alisimama mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi mwekundu wa kushonea, kifungo kimoja amekibana kwa meno. Alikuwa anakijaribu kama ni cha pembe au cha plastiki. Alimtazama mgeni wake, akakitoa kifungo mdomoni, akasema, "Karibu, kaka. Kaa kwanza, utaongea baadaye."

Fundi Suti akakaa. Alikuwa amesahau alichofuata. Alimwangalia yule mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, na moyo ukazidi kupapatika. Aliporudi chini alikuwa na vifungo vya rangi asiyoihitaji.

"Umepatwa na nini?" aliuliza Mpiga Pasi. Huyu alikuwa mwenzake wa kazi, mtu mkavu mwenye maoni juu ya kila jambo, aliyefanya kazi kwenye meza ya pembeni huku mvuke ukimzunguka kama ukungu.

"Moyo," alisema Fundi Suti.

"Ulikwenda mbio?"

"Mbio peke yake? Ulikuwa unakwenda, unasimama, unakwenda tena. Kama cherehani iliyolegea mkanda."

"Miguu?"

"Ililegea."

"Jasho?"

"Chapachapa."

"Na palikuwa na mwanamke?"

"Alikuwepo."

Mpiga Pasi akasimamisha pasi wima, jambo ambalo hulifanya kwa habari kubwa tu. "Ndugu yangu, hayo ni mapenzi. Usihangaike kutafuta jina jingine. Mimi nilipomwona mke wangu wa kwanza nilitapika."

Fundi Suti hakuwa na sababu ya kubisha. Mara ya mwisho kupenda ilikuwa zamani mno, na dalili zake alishazisahau. Tangu siku hiyo akawa mteja wa Mama Vifungo kuliko mteja mwingine yeyote. Alipanda kununua vifungo vya makoti, vya mashati, vya mito, hata vya sare za shule ambazo hakuwahi kuzishona. Siku nyingine moyo ulipapatika, akashuka akitabasamu peke yake. Siku nyingine ulitulia, akashuka amenuna.

Ila mapenzi hayo yalikuwa na vituko. Hayakungoja ngazi. Jioni moja yalimpanda akiwa mezani, mbele ya sinia la wali na nyama ya mafuta, akamweleza dada yake kwamba lazima alikuwa akimwaza Mama Vifungo bila mwenyewe kujua. Mara nyingine yalimshika akiwa anampima nyonga karani wa mahakama, mwanaume mwenye sharubu kama ufagio, na siku hiyo Fundi Suti alifadhaika hata akaomba udhuru akaenda kunawa uso. Tena alikuwa na kiu isiyokatika, akiamka kila usiku kwenda haja ndogo, na asubuhi kichwa kikimgonga.

"Kiu ya mapenzi," Mpiga Pasi alimthibitishia. "Na kuamka usiku ni mawazo. Peleka posa kabla hujakauka."

Basi dada yake akatumwa. Alijifunga kanga vizuri, akapanda ngazi kwa hatua za mtu anayekwenda kazini, na akarudi na jibu fupi.

"Kasema uje mwenyewe akuone. Kasema yeye si kitambaa, hachaguliwi na mjumbe."

Siku ya kwenda, Fundi Suti alivaa suti aliyoishona kwa mkono wake. Kiunoni mwa suruali hiyo, ndani, mahali pasipoonekana na mtu, alikuwa ametia lastiki. Alikuwa mtu wa kupima viuno vya watu siku nzima, lakini chake hakuwa amekipima miaka na miaka. Alikiongezea nguo kwa kukisia, kama mtu anayemkadiria mgeni chakula. Alipanda ngazi pole pole, dada yake nyuma akimsukuma kwa maneno. Walipoingia dukani moyo ulikuwa umeshaanza yake, tena kuliko siku zote. Akajua mapenzi yamekomaa.

Akakaa kwenye kigoda. Akasafisha koo. Alikuwa na hotuba, Mpiga Pasi ndiye aliyeitunga, yenye mambo ya mwezi na nyota. Alifika kwenye mwezi tu, pumzi ikamwishia.

Mama Vifungo alikuwa akimwangalia midomo, iliyokuwa imepauka. Akasimama, akavaa miwani yake, akasogeza kigoda kingine karibu, akamshika mkono. Hakuushika juu juu. Aliugeuza, akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba, akatulia.

Fundi Suti akafumba macho. Dada yake, kwa haya, akageukia ukutani akaanza kusoma bei za zipu.

Vidole vya Mama Vifungo havikuondoka.

"Hata mimi, mama," Fundi Suti alinong'ona mwishowe.

"Hata wewe nini?"

"Hata mimi nilitamani sana kukushika mkono."

"Nyamaza, nahesabu."

Akanyamaza. Mama Vifungo akahesabu, akapoteza hesabu, akaanza upya, akapoteza tena. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii imeanza lini?" akauliza.

"Tangu siku ile uliyonifungulia mlango."

"Sizungumzii mimi, Fundi. Nazungumzia moyo."

"Na mimi si ndio huohuo ninaouzungumzia!"

Mama Vifungo akauachia mkono, akaketi vizuri. Aliposema, hakusema kwa ukali.

"Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori. Mtu mkubwa hivi hivi, tumbo likigusa usukani. Mapigo yake yalikuja kuwa kama haya, hayana mpangilio, kama watoto wakipiga debe. Nikimwambia twende hospitali, anasema ni uchovu wa barabara. Asubuhi moja ameshika kikombe namtazama, kikombe kikadondoka, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Baadaye nikaambiwa damu iliganda ndani ya moyo usiopiga sawasawa, kipande kikapanda kichwani. Nilimlisha kwa kijiko miaka miwili, mpaka nikamzika."

Dada alikuwa ameacha kusoma bei za zipu.

"Posa yako sijaikataa wala sijaikubali," Mama Vifungo aliendelea. "Ila mimi siolewi na mtu anayeumwa asijue. Nenda hospitali. Usiseme kesho. Nenda sasa hivi, na hilo suti lako."

Wakaenda na suti.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na mzaha. Alimpima presha, akainua nyusi. Alimtoboa kidole, akaangalia sukari, akaziinua tena. Kisha akatoa tepu ili ampime kiuno, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Unaiweka kombo," alisema Fundi Suti. "Nyuma imeshuka. Na usiache hewa katikati, binti yangu, ukipima hivyo suruali itamdondoka mtu kanisani."

"Basi nisaidie, baba."

Akamsaidia. Aliinyoosha tepu mwenyewe, akaikaza inavyostahili, akainama kusoma. Hakuiona namba, kitambi kilimzuia. Daktari akamsomea. Fundi Suti akaomba arudie, kisha akakaa kitandani polepole. Katika kazi yake yote, kiuno cha namna ile alikuwa amekishonea watu wawili tu, na wote wawili alikuwa amewacheka walipotoka.

Wakamtoa damu ya kupima, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Hata yeye asiyejua kitu aliona mshono ule si wa fundi mzuri, maana mahali pengine mistari imesongamana, pengine imeachana.

"Vyumba vya juu vya moyo wako havipigi, baba. Vinatetemeka," alieleza daktari. "Umeme unaouongoza moyo umepoteza njia. Ndiyo maana unaruka ovyo, unaishiwa pumzi, unaona kizunguzungu."

"Umepotezwa na nini?"

"Kwako wewe, nadhani ni mambo yaliyokuja kwa pamoja. Presha iko juu. Sukari iko juu. Majibu ya damu yamerudi, mafuta mabaya ni mengi na yale mazuri ni machache. Na kiuno tumekiona. Kila moja likija peke yake lina madhara yake, lakini haya yana tabia ya kutembea kundi, na yakikaa kundi, uwezekano wa moyo kuharibika mapigo unapanda. Presha inauchosha moyo na kuutanua vyumba. Mafuta ya tumboni hayalali tumboni tu, mengine yanauzunguka moyo wenyewe na kuuwasha. Si kila mwenye kitambi atapata hili. Ila wewe ulikuwa umeliandalia kiti."

Akamgeukia dada. "Nyumbani anakula nini, mama?"

"Chakula," alijibu dada, mgongo umenyooka.

"Kiasi gani?"

"Cha kumtosha."

"Na anatosheka lini?"

Katika miaka yote ile dada hakuwa amengoja kuona.

Fundi Suti alikuwa bado anaitazama ile karatasi. "Daktari," akasema, "kwa hiyo haya si mapenzi?"

"Mapenzi, baba, hayaonekani kwenye kipimo hiki. Hiki kinaonyesha moyo tu."

Akarudi nyumbani na mfuko wa dawa: za kuutuliza moyo, za presha, za sukari, na za kuzuia damu isigande, ambazo daktari alimsisitizia asiziruke hata siku moja. Akaambiwa atembee kila siku, apunguze sahani, asahau soda.

Asubuhi yake dada aliamka mtu mwingine. Kama alivyokuwa akijaza sahani kwa moyo wote, ndivyo alivyoanza kuipunguza. Sukari akaifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Keki za wateja alizipokea mlangoni mwa chumba cha kushonea, akashukuru, akazipeleka kwa Mpiga Pasi, ambaye alibaki mwembamba kama wembe vilevile baada ya kuzila zote. Siku moja Fundi Suti alikwenda harusini kumvalisha bwana harusi, akajificha nyuma ya spika na kipande cha nyama, na kabla hajakitia mdomoni akasikia sauti ikisema, "Mdogo wangu, ninakuona." Dada hakuwa hata amealikwa kwenye hiyo harusi.

Miezi ikaenda. Fundi Suti akawa anatembea kabla ya kazi, kwanza hadi kona, kisha hadi sokoni, kisha akapita soko. Jioni alipanda kwa Mama Vifungo kumsimulia vijambo vya siku, bila kukumbuka kuusikiliza moyo. Aliipunguza suruali yake, akaipunguza tena, na lastiki akaitoa. Usingizi ukarudi. Kichwa kikaacha kugonga. Daktari akamwonyesha karatasi mpya ambayo mistari yake ilipangika kama mshono wa cherehani mpya, akamwambia asijidanganye kwamba amepona kabisa, huu ni moyo wa kulindwa, lakini amefanya vizuri.

Akapanda ngazi kwenda kumpa Mama Vifungo habari. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Vifungo akafungua mlango, akafurahi, akampa kigoda. Fundi Suti akakaa akisubiri moyo uruke.

Hakuna kitu. Moyo ulikuwa unapiga polepole kama saa ya ukutani. Hakukuwa na kuku wala tenga. Alizungumza, akacheka, akashuka, na alipofika chini uso ulikuwa umemshuka pia.

"Yamekwisha," alimwambia Mpiga Pasi.

"Nini?"

"Mapenzi. Nimemwangalia kwa macho yangu mawili, moyo haukushtuka. Ilikuwa ni ugonjwa tu tangu mwanzo."

Mpiga Pasi alifikiri. "Si umwambie daktari akupunguzie dawa kidogo?"

"Hapana. Yule mama amezika mume. Hastahili kudanganywa na mwanaume ambaye moyo wake umenyamaza. Dada ataenda kuivunja posa kwa heshima."

Dada hakupenda kutumwa kazi ile, lakini akajifunga, akapanda.

Fundi Suti akabaki na koti la karani wa mahakama mezani. Akachukua mkono wa koti, akaanza kuushikiza. Akafikiri kwamba jioni hiyo hatakuwa na wa kumsimulia jinsi karani alivyonyoa sharubu hata mke asimtambue, akamfungia nje. Mama Vifungo angecheka kabla hadithi haijafika mwisho, kama kawaida yake, kisha angedai imaliziwe. Akafikiri jinsi anavyouma vifungo. Akakumbuka kwamba mwezi mzima uliopita hakuwa na sababu ya kununua kifungo, kwani alikuwa navyo vya kumtosha yeye na mafundi watakaozaliwa, na bado alikuwa akipanda. Wakati huo moyo wake ulikuwa umeshatulia. Nani basi alikuwa anampandisha?

"Mpiga Pasi," akasema, "mimi ni mjinga."

"Kwenye jambo gani?"

Lakini Fundi Suti alishatoka. Ngazi alizipanda bila kukumbuka kwamba ni ngazi.

Alimkuta dada yake ameketi na kikombe cha chai mkononi, uso kama wa mtu aliyemeza sindano. Mama Vifungo alikuwa amesimama kaunta, akikunja bitana.

"Dada, usiseme!" Fundi Suti alifoka mlangoni.

"Nisiseme nini?" alijibu dada. "Nimepata wapi nafasi ya kusema? Nimebisha hodi tu, nimeambiwa, 'Karibu, wifi.' Sasa mtu ameshakuita wifi, utaanzia wapi?"

Mama Vifungo aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Kwani ulikuja kusema nini, wifi?"

Dada alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikitazama kikombe cha chai. "Nilikuja," dada akasema taratibu, "kukuuliza kama unapika na chumvi nyingi."

"Kidogo sana."

"Basi tutaelewana."

Fundi Suti hakuwa na hotuba. Akamwambia Mama Vifungo ukweli, amesimama palepale kizingitini: kwamba moyo hauruki tena akimwona, kwamba alidhani basi yamekwisha, na kwamba sasa hivi tu ndipo alipogundua anataka kumwona kila siku hata kama moyo utakaa kimya mpaka kaburini.

"Mume wangu alinipenda miaka yote bila kuhema," Mama Vifungo alimjibu. "Kuhema kulipoanza ndipo niliogopa. Mwanaume anayepanda ghorofa tatu akafika akiwa na sauti ya kufoka, huyo ndiye ninayemtaka. Kaa, uniambie. Ilikuwaje ile ya karani na sharubu?"

"Umeijuaje?"

"Mtaa mzima unaijua. Ila nataka uisimulie wewe."

Akasimulia. Alichelewa kushuka, na alipomaliza koti lile alilimaliza akiimba, jambo lililomsumbua sana Mpiga Pasi. Kesho yake karani wa mahakama alikuja kulichukua. Alilivaa mbele ya kioo, akajitazama mbele, akajitazama ubavuni, akanyoosha mikono, na kwa muda mrefu akashindwa kueleza kinachomkera, mpaka Mpiga Pasi alipoisogelea ile kazi, akaikagua, na kutangaza kwamba mikono yote miwili ya koti ni ya kushoto.